Meno ya Paiki

Februari, na ziwa limefunga mlango.
Magari yanapita juu ya maji hapa Minesota,
nasi tumo gerejini kwa shangazi Twyla,
mlango tumeuinua shubiri mbili
moshi upate pa kutokea, baridi ipate pa kuingia.
"Vaa barakoa, Marit. Uzuri utauonyesha kanisani."

Jikoni kuna kisufuria kilichoacha kupika chakula
tangu mwaka aliokufa Leif.
Ndani yake plastiki, nyeupe, nzito, tui la kwanza.
Koroga, anasema. Usipige, hili si yai.
Ukipiga unaikaribisha hewa,
na hewa ikishaingia haiagi.

Kwanza itanuna. Itashikana, itakuwa uji wa jana,
mwiko utagoma, na mgeni hudhani ameharibu.
Ngoja.
Kwenye mia na sabini inalegea yenyewe,
weupe unaondoka kimyakimya
mpaka unauona ule mkwaruzo chini ya sufuria.
Hapo. Si kabla.
Ukipitiliza inageuka manjano, kisha kahawia,
kisha inakufukuza ndani ya nyumba yako.

(Ya kwanza niliichoma. Nilikuwa natazama simu.
Twyla hakusema neno. Aliitoa nje
akaizika kwenye theluji, ikalia kama paka.)

Matone manne ya kahawia, moja la kijani.
Chumvi iliyosagwa, ujazo wa kiganja,
ili samaki akiuma asiteme upesi.
Vumbi la kumeta kidogo tu: "Hii si harusi."

Kalibu ni ya plasta, imelala ovenini usiku kucha,
maana plasta yenye unyevu
hutema mate ikiguswa na moto.
Leif ndiye aliyeitengeneza.
Alichukua chambo alichokichomoa mdomoni mwa paiki,
yule samaki mwenye mdomo wa bata na hasira za mpangaji,
akakizamisha kwenye plasta mbichi vilevile kilivyo.
Plasta haina adabu, haisahau kitu:
karibu na mkia, ubavu wa kushoto,
vishimo vitano vya meno.

Anza mkiani. Mkia ni mwembamba,
hupoa kabla hujageuza shingo.
Kiwiko mezani, pumzi ndani,
uzi mmoja kama wa asali inayokaribia kwisha,
usiukate,
jaza mpaka uvimbe kidogo juu ya ukingo,
kwa kuwa kila kitu kikipoa husinyaa.

Tumbo kwanza, rangi ya chai ya maziwa.
Mgongo baadaye, mweusi,
kabla tumbo halijasahau moto.
Ukichelewa, vitakaa pamoja bila kushikana.
Twyla anacheka peke yake.
Aliwahi kuolewa, huko Duluth.

Samaki mkunje angali mbichi, sawa.
Chambo chake je? Chambo usikikunje kingali moto:
kilaze kwenye maji baridi, kinyooke kama rula,
la sivyo kitazaliwa na kibiongo
na hakitaogelea, kitazunguka tu
kama mlevi anayetafuta ufunguo.

Nimetoa kumi na tisa. Saba vina viputo,
kimoja hakina kichwa.
"Mbona hivi vishimo huviondoi?" nauliza.
Wateja wanavirudisha dukani, wanasema vimeshaliwa.
Kisu anacho. Kuparuza mara tano, basi.
Anapitisha ukucha juu ya kalibu, taratibu,
kama anayehesabu chenji gizani.
"Alikuwa na bahati siku ile," anasema,
na sijui anamsema Leif au paiki.

Vilivyoharibika vinarudi sufuriani.
Naviangalia vikilegea, mikia ikiingia vichwani,
meno yakizibika moja baada ya jingine,
mpaka limebaki dimbwi laini, la kahawia,
lisilomjua mtu.

"Mimina," anasema. "Yanarudi."